Kubadilisha Prosesa ya Kompyuta Kuukuu ya Gemu kwa Pesa Kidogo: Mwongozo Kamili kwa Mkazi wa Lamu

Kifaa cha kompyuta kinachoagizwa kutoka Mombasa husafiri mbali kabla hakijamfikia mtu wa Lamu. Hupakiwa kwenye basi, hupita Malindi, Garsen na Witu, hushushwa Mokowe, kisha huvushwa kwa mashua hadi gati la mjini, na aliyekosea kuagiza hulazimika kukirudisha kwa njia hiyohiyo na kulipa nauli mara ya pili. Mimi nimewahi kukosea. Niliagiza prosesa ya Core i5-8400 kwa ajili ya bodi (ubao mkuu wa kompyuta) yenye chipseti ya H110, yaani chipu inayoongoza mawasiliano ya bodi, kwa kuwa muuzaji alinihakikishia kwamba soketi zote mbili, yaani mahali prosesa inapokaa, ni LGA1151, na kwa kweli prosesa ilikaa mahali pake bila tatizo lolote, lakini skrini haikuonyesha kitu, si siku ile wala siku zilizofuata. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya kabla ya kutuma pesa. Kufungua kompyuta na kubadilisha prosesa yenyewe ni kazi ya nusu saa.

Nitaeleza kila hatua kwa kufuata kompyuta moja, ya mpwa wangu wa mtaa wa Langoni. Ilikuwa na prosesa ya Core i3-4130, bodi ya H81, RAM ya gigabaiti 8 katika kijiti kimoja na kadi ya michoro ya GTX 1050 Ti, na fedha aliyokuwa nayo ni shilingi 15,000. "Mjomba," aliniambia, "gemu inakwama kila magari yakiwa mengi barabarani." Hakujua kwamba kwa maneno hayo alikuwa amekwisha kunipa nusu ya jibu.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba kosa ni la prosesa

Katika gemu, prosesa hukokotoa mwendo wa kila gari na kila mtu, migongano, sauti na maamuzi ya wapinzani, kisha huiandalia kadi ya michoro maagizo ya kuchora fremu, yaani kila picha moja ya mwendo. Kadi huchora. Prosesa ikichelewa kutoa maagizo, kadi hukaa ikisubiri hata kama ni kadi nzuri, na kadi ikichelewa kuchora, prosesa ndiyo inayosubiri. Ndiyo maana malalamiko ya mpwa wangu yalikuwa na maana: magari mengi ni mzigo wa prosesa zaidi kuliko mzigo wa mchoro. Angesema kwamba gemu huwa nzito anapoongeza ubora wa vivuli na maji, ningeitazama kadi kwanza.

Dhana hiyo inapaswa kupimwa. Zima V-Sync (mpangilio unaofunga fremu kwa kasi ya skrini) na ondoa kikomo chochote cha fremu katika mipangilio ya gemu, kwa sababu kikomo hicho hupumzisha kadi na kukupa picha ya uongo. Sakinisha MSI Afterburner, programu ya bure inayofanya kazi na kadi za kampuni zote, uiruhusu ionyeshe juu ya skrini matumizi ya kadi, matumizi ya kila uzi wa prosesa (njia moja ya kazi ndani yake), joto na idadi ya fremu kwa sekunde. Kisha cheza kwa dakika kumi mahali ambapo gemu husumbua zaidi. Kadi ikikaa kwenye asilimia 95 na kuendelea, mpaka wako ni kadi, na prosesa mpya haitakusaidia kwa kiasi cha kuhalalisha gharama. Kadi ikishuka hadi asilimia 60 au 50 huku fremu zikiwa chache, basi prosesa ndiyo inayoichelewesha.

Usidanganywe na ile asilimia moja ya jumla ya matumizi ya prosesa. Kwenye prosesa yenye nyuzi nne, uzi mmoja unaweza kuwa umejaa kabisa huku nyingine zikifanya kazi ndogo, na jumla ikasomeka asilimia 50 tu, ilhali gemu inausubiri uzi huo mmoja. Tazama kila uzi peke yake.

Lipo jaribio la pili, rahisi zaidi, ambalo halihitaji programu yoyote: punguza ukubwa wa picha kutoka 1080 hadi 720 na urudie sehemu ileile ya gemu. Kazi ya kadi imepungua sana, lakini kazi ya prosesa imebaki karibu ileile. Kama fremu zimeongezeka waziwazi, kadi ilikuwa imeelemewa. Kama hazijabadilika, prosesa ndiyo iliyokwama. Kwa mpwa wangu hazikubadilika.

Hata hivyo, kabla ya kuagiza kitu, yapo mambo matatu ya bei ndogo yanayofanana na udhaifu wa prosesa. La kwanza ni joto. Prosesa za Intel za kizazi hicho hujipunguza kasi zikikaribia nyuzijoto 100 za Selsiasi, na kompyuta ambayo haijafunguliwa kwa miaka sita huwa imejaa vumbi lililoshikana kwa unyevu na chumvi mpaka likawa kama gamba. Nimeona kompyuta iliyopona kwa brashi ya rangi na pesti mpya ya joto, na mwenyewe akabaki na pesa zake. La pili ni RAM. Kijiti kimoja hutumia njia moja tu ya mawasiliano na prosesa, na vijiti viwili vinavyofanana hutumia njia mbili kwa pamoja, jambo linalosaidia hasa pale prosesa inapokuwa ndiyo mpaka. Mpwa wangu alinunua kijiti cha pili cha DDR3 cha gigabaiti 8 kabla ya kitu kingine chochote, na hata leo ningemshauri hivyohivyo. Jihadhari na vijiti vya seva vyenye rejista, ambavyo huuzwa rahisi na havifanyi kazi katika bodi hizi. La tatu ni diski: kama gemu hukwama pale tu unapoingia eneo jipya, na diski ya kuzunguka inasomeka asilimia 100 wakati huo, unachohitaji ni SSD, diski isiyozunguka.

Hatua ya pili: iulize bodi, si muuzaji

Prosesa huchaguliwa na bodi. Fungua dirisha la kutafuta katika Windows, andika msinfo32, na utaona jina la bodi na toleo la BIOS, programu ya ndani ya bodi inayoiwasha kompyuta. Programu ya bure ya CPU-Z itakuonyesha pia soketi na chipseti. Kisha nenda kwenye tovuti ya aliyetengeneza bodi, tafuta jina lake kamili, na ufungue orodha ya prosesa zinazokubalika. Orodha hiyo huwa na safu inayotaja toleo la BIOS ambalo kila prosesa inalihitaji, na safu hiyo ndiyo watu wengi huiruka. Baadhi ya bodi, hasa za Gigabyte, huwa na namba ya marekebisho iliyochapishwa pembeni mwa bodi yenyewe, na kila marekebisho yana orodha yake.

Soketi unazoweza kukutana nazo katika kompyuta kuukuu si nyingi, lakini kila moja ina mtego wake.

LGA1155 ilibeba kizazi cha pili cha Intel cha mwaka 2011 na cha tatu cha mwaka 2012. Mwisho wake wa maana ni Core i7-2600 au Core i7-3770, kila moja ikiwa na kori nne (viini vya kazi vya prosesa) na nyuzi nane. Bodi za chipseti za Q65, Q67 na B65, zilizojaa katika kompyuta za ofisi za wakati ule, hazikukusudiwa kwa kizazi cha tatu. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba prosesa hizi hazina maagizo ya AVX2 (seti ya amri za hesabu zilizojengwa ndani ya prosesa), na baadhi ya gemu mpya hukataa kufunguka bila maagizo hayo. Kwa maoni yangu, bodi ya LGA1155 inastahili i7 iliyotumika pale tu inapopatikana kwa bei ya kutupa.

LGA1150, ya mwaka 2013, ndiyo ya mpwa wangu. Hapa AVX2 ipo. Kutoka i3-4130, yenye kori mbili na nyuzi nne, chaguo zake zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa Core i5-4590 yenye kori nne na nyuzi nne, ambayo ndiyo rahisi kuliko zote na ni hatua ya kweli mbele. Ya pili ilikuwa Core i7-4790 yenye kori nne, nyuzi nane na kasi inayofika gigahezi 4.0. Ya tatu ilikuwa Xeon E3-1231 v3, prosesa ya seva yenye kori nne na nyuzi nane, inayofika gigahezi 3.8 na isiyo na michoro ya ndani, jambo lisilomdhuru mwenye kadi yake. Watu wengi huishia kwenye i5 wakitazama wastani wa fremu, kwa kuwa wastani wake hauko mbali sana na wa i7. Lakini gemu za miaka ya karibuni hujaza nyuzi nne zote, na zikishajaa, kila kazi ndogo ya Windows inayotokea nyuma hulazimika kuikatiza gemu. Matokeo yake si fremu chache, bali ni ule mshtuko wa nusu sekunde unaokufanya ugonge ukuta. Nyuzi nane hupunguza mishtuko hiyo, na mchezaji huihisi tofauti hata kama namba ya wastani haionyeshi. Kwa sababu hiyo nilimwambia mpwa wangu atafute i7 au Xeon hiyo, yoyote itakayopatikana kwa bei nafuu, mradi iwemo katika orodha ya bodi yake. Xeon huwa haimo katika orodha za kompyuta nyingi za ofisi zenye chapa.

LGA1151 ndiyo iliyoniadhibu. Ni soketi mbili zenye jina moja. Bodi za chipseti za mfululizo wa 100 na 200, kama H110, B150 na B250, hupokea kizazi cha sita na cha saba, na mwisho wake ni Core i7-6700 au i7-7700. Bodi za mfululizo wa 300, kama H310, B360 na B365, hupokea kizazi cha nane na cha tisa. Prosesa ya upande mmoja hukaa vizuri katika soketi ya upande wa pili na haiwaki, kwa kuwa mpangilio wa umeme katika pini ulibadilishwa. Muuzaji hakunidanganya aliposema jina la soketi ni lile lile. Hakujua zaidi ya hapo, nami sikuuliza bodi.

AM4 ya AMD ndiyo soketi yenye neema kwa mtu wa bajeti ndogo. Ryzen za kwanza zilitoka mwaka 2017, na mwaka 2022 hata bodi za A320, B350 na X370 za siku zile zilifunguliwa njia ya kupokea Ryzen za mfululizo wa 5000 kwa kusasisha BIOS. Mwenye Ryzen 3 1200 au Ryzen 5 1400 anaweza kupanda hadi Ryzen 5 5600 yenye kori sita na nyuzi kumi na mbili bila kubadilisha bodi wala RAM, na tofauti atakayoiona ni kubwa kuliko ya soketi zote nilizotaja hapo juu. Hapa angalia akiba ya L3 (kumbukumbu ndogo ya kasi ndani ya prosesa), ambayo gemu huipenda sana: Ryzen 5 5600 ina megabaiti 32, na Ryzen 5 5500, inayofanana nayo kwa jina, ina 16 tu. Zenye herufi G katika mfululizo huo, kama 5600G, pia zina 16. Ryzen 5 3600 iliyotumika nayo ni chaguo la heshima pesa zikipungua.

Kuna jambo moja ambalo mwenye bodi ya Intel ya zamani anapaswa kulijua kabla ya kutoa hata shilingi. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inaanzia rasmi kwenye kizazi cha nane cha Intel na Ryzen za mfululizo wa 2000. Hakuna i7 ya LGA1150 itakayokuvusha mpaka huo. Gemu nyingine, kama Valorant ikiwa ndani ya Windows 11, hudai TPM 2.0 (sehemu ya usalama inayotunza funguo) na uwashaji salama (Secure Boot). Nilimweleza mpwa wangu haya waziwazi, naye akachagua kuendelea, kwa sababu gemu zake hazikuwa za aina hiyo na fedha ya bodi, RAM na prosesa mpya kwa pamoja hakuwa nayo.

Hatua ya tatu: hesabu umeme na kipoozeo

i3-4130 imekadiriwa wati 54 na i7-4790 wati 84, kwa hiyo ongezeko ni wati 30. GTX 1050 Ti nyingi hupata umeme wake wote kupitia soketi ya bodi, ambayo hutoa wati 75 kwa ukomo. Pawa saplai nzuri ya wati 300 inatosha kwa jumla hiyo. Nimesema nzuri kwa makusudi, maana pawa saplai nyepesi isiyo na jina, iliyoandikwa wati 500 ubavuni, haistahili kuaminiwa hata kwa nusu yake. Mwenye kompyuta ya ofisi ajue kwamba baadhi hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24. Dell OptiPlex 9020, kwa mfano, ina plagi ya pini nane ya kwake mwenyewe, na pawa saplai ya dukani haiingii bila adapta.

Kipoozeo kilichokuja na i3 mara nyingi ni kile chembamba cha alumini tupu. Hakitaiua i7, lakini katika miezi ya kaskazi, feni yake itapiga kelele kama mashine ya kusaga. Tafuta kipoozeo cha Intel chenye kiini cha shaba katikati, kilichotoka kwenye kompyuta iliyovunjwa. Matundu ya LGA1155, 1150 na 1151 yana umbali uleule, kwa hiyo kipoozeo cha soketi moja hufunga katika nyingine, isipokuwa vile vya kompyuta za chapa vilivyotengenezwa kwa skrubu na plagi zao.

Hatua ya nne: kununua bila kupelekwa mbio

Njia ni mbili. Unaweza kununua prosesa peke yake iliyotumika, au unaweza kununua kompyuta nzima ya ofisi, zile ambazo madukani huitwa za Uingereza, na kuhamishia humo kadi yako. Usiidharau njia ya pili. Kompyuta nzima ya kizazi cha sita yenye i5 au i7 wakati mwingine huuzwa kwa bei inayokaribia ile ya i7-4790 ikiongezewa kipoozeo na kijiti cha RAM, na ukishauza ile ya zamani hesabu hugeuka kabisa. Uliza bei zote mbili siku hiyohiyo. Kitakachokuzuia ni umbo: zile nyembamba za kulala mezani hupokea kadi fupi za nusu kimo tu, na pawa saplai yake haina nafasi ya ziada. Mpwa wangu alipata i7-4790 ndani ya bajeti, kwa hiyo tulibaki na bodi yake.

Muuzaji wa mbali mwombe vitu vitatu: picha ya juu ya prosesa ambayo maandishi yake yanasomeka, picha ya chini, na video fupi ya prosesa hiyohiyo ikiwa imewaka katika bodi, CPU-Z ikiwa wazi. Juu ya prosesa ya Intel kuna msimbo mfupi, kwa vizazi hivi kwa kawaida ukianza na SR, ambao ukiutafuta kwenye intaneti utakutajia aina halisi. Ikiwa imeandikwa "Intel Confidential", yaani ya siri ya Intel, badala ya kuwa na jina la kibiashara, hiyo ni sampuli ya majaribio, na bodi yako huenda isiitambue. Upande wa chini wa Intel hakuna pini, kuna vidoti bapa vya dhahabu, na vikiwa na mikwaruzo mirefu au doa jeusi la kuungua, iache. Kwa AM4 pini ziko kwenye prosesa yenyewe, hivyo tazama kama mistari yake imenyooka kutoka pande zote.

Sisitiza namna ya kufunga mzigo. Prosesa ikae ndani ya kasha gumu la plastiki, kasha ndani ya boksi, na boksi ndani ya mfuko usiopitisha maji, kwa kuwa kati ya Mokowe na mjini wimbi halimuulizi mtu amebeba nini. Niliwahi kupokea Ryzen iliyoviringishwa kwa gazeti, na jioni nzima niliimaliza nikinyoosha pini kwa ncha ya kalamu ya risasi ya kubonyeza isiyo na risasi ndani, ambayo, kwa atakayefikwa na hayo, ndiyo kifaa bora kuliko sindano.

Hatua ya tano: BIOS kwanza, prosesa ya zamani ikiwa bado ndani

Kosa la kawaida ni kutoa prosesa ya zamani, kuweka mpya, kisha kugundua kwamba bodi haiitambui na hakuna njia ya kuiingia ili kuisasisha. Sasisha BIOS ukiwa bado na prosesa inayowaka. Pakua faili la toleo linalotajwa katika orodha, kutoka tovuti ya mtengenezaji na si mahali pengine, liweke kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, ingia kwenye BIOS, na utumie programu ya kusasisha iliyomo humo. Kwa bodi za AM4 soma maelezo ya kila toleo, maana baadhi hudai toleo la kati kwanza, na nyingine huondoa msaada wa prosesa za zamani kabisa pindi zinapoongeza mpya.

Umeme ukikatika katikati ya kazi hii, bodi inaweza kufa. Usiifanye siku ya upepo na mvua wala saa za magharibi, taa zinapoanza kuchezacheza. Azima UPS kwa nusu saa hata kama ni ya ofisi ya jirani.

Mwenye Ryzen ana tahadhari moja zaidi. Kama diski yake imefungwa kwa BitLocker (kufuli ya siri ya Windows), TPM iliyomo ndani ya prosesa huondoka pamoja na prosesa hiyo, na Windows itadai ufunguo wa kurejesha. Uandike ufunguo huo kwenye karatasi, au usitishe BitLocker kabla ya kuanza.

Hatua ya sita: kubadilisha

Cheza gemu kwa dakika kumi ili prosesa ipate joto na pesti ilainike, kisha zima, chomoa waya wa umeme, na ubonyeze kitufe cha kuwasha mara mbili ili umeme uliobaki uishe. Hewa yetu yenye unyevu haijengi sana umeme tuli kama hewa kavu ya bara, lakini shika chuma cha kasha kabla ya kugusa bodi. Laza kasha ubavu juu ya meza, si juu ya mkeka.

Chomoa plagi ya feni. Kipoozeo cha Intel kina vigingi vinne: zungusha kila kimoja kufuata mshale, kivute juu, kisha inua kipoozeo chote. Cha AM4 usikivute moja kwa moja. Kizungushe kidogo kushoto na kulia mpaka ukihisi kimeachia, kwa sababu pesti iliyokauka hung'ang'ania, na ukivuta kwa nguvu prosesa itatoka nacho huku soketi ikiwa imefungwa. Hivyo ndivyo pini zinavyopinda.

Futa pesti ya zamani kwenye kipoozeo kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti nyingine za famasi huchanganywa mafuta na huacha utando, kwa hiyo soma chupa kwanza.

Fungua mkono wa chuma wa soketi, inua kifuniko, na uitoe prosesa kwa kushika kingo zake. Katika bodi ya Intel pini ziko ndani ya soketi, nyembamba kuliko unywele, na kitu chochote kikidondokea humo kazi imeharibika. Usiinamie ukitoka jasho. Linganisha pembetatu ndogo iliyo kwenye kona ya prosesa mpya na alama ya soketi, pamoja na vijinafasi viwili vya pembeni, uishushe wima na uiachie ikae yenyewe. Haisukumwi. Nguvu inahitajika baadaye tu, unapourudisha mkono wa chuma, na hapo Intel hutoa mlio wa kukwaruza unaoshtua kila anayeusikia mara ya kwanza. Ni wa kawaida.

Pesti ya joto weka kiasi cha punje ya choroko katikati, halafu ushushe kipoozeo wima. Vigingi vya Intel vibonyeze viwili viwili kwa mshazari hadi vyote vinne vilie, kisha geuza bodi au uchungulie nyuma yake kuona kama ncha zote nyeusi zimetokeza. Kigingi kimoja kilicholegea ndicho sababu ya simu nyingi ninazopigiwa usiku. Rudisha plagi ya feni mahali palepale ilipokuwa. Ukiwa humo, toa vijiti vya RAM na usugue miguu yake ya dhahabu kwa kifutio laini, maana chumvi ya hewani huiwekea utando.

Hatua ya saba: kuwasha na kupima

Uwashaji wa kwanza huchukua muda mrefu kuliko kawaida, na kompyuta inaweza kujizima na kujiwasha mara moja au mbili. Subiri dakika mbili kabla ya kushtuka. Ikibaki giza, acha kijiti kimoja tu cha RAM, hakikisha waya wa skrini uko kwenye kadi na si kwenye bodi, kisha chomoa umeme na uitoe betri ndogo ya bodi kwa dakika tano. Ikikataa bado, rudisha prosesa ya zamani: ikiwaka, tatizo liko kwenye prosesa mpya au toleo la BIOS.

Ikiwaka, ingia BIOS kwanza. Hakikisha jina la prosesa ni sahihi na vijiti vyote viwili vinaonekana. Mwenye AM4 arudishe kasi ya RAM, ambayo huwa imerudi chini yenyewe. Ndani ya Windows fungua HWiNFO, programu ya kusoma joto, endesha jaribio la Cinebench, linaloipa prosesa kazi nzito, kwa dakika thelathini, na utazame joto. Chini ya nyuzijoto 85 katika chumba chenye joto la mchana ni hali nzuri. Likifika 95 ndani ya dakika ya kwanza, kipoozeo hakijakaa, na kuongeza pesti hakutasaidia. Baada ya hapo rudia jaribio la gemu mahali palepale pa hatua ya kwanza. Kwa mpwa wangu kadi sasa ilipanda hadi karibu na ukomo wake hata barabara ikiwa imejaa magari, maana yake mpaka umehamia kwenye kadi, kama tulivyotaka.

Kompyuta aliirudisha mahali pake pa zamani, ndani ya kidaka kikubwa cha ukuta. Kidaka hupendeza kwa sahani na vitabu, lakini ukuta wa matumbawe nyuma yake hushika joto, na hewa iliyotoka nyuma ya kasha hurudi mbele bila pa kwenda. Baada ya saa moja feni ilikuwa imepanda sauti. Tuliitoa, tukaiweka juu ya meza ndogo, mbali na dirisha linalotazama bahari, na nafasi ya shubiri moja nyuma yake. Aifungue kila baada ya miezi mitatu na kuipiga brashi, na wakati wa kusi, mvua zinapoingia, asiiache wiki nzima bila kuiwasha, kwa kuwa joto lake lenyewe ndilo linaloukausha unyevu ndani.

Prosesa ya zamani usiiuze wiki hiyohiyo. Iweke katika kasha la plastiki lililokuja na mpya, pamoja na kile kifuko cha chembe za kukausha kinachopatikana ndani ya boksi za viatu, mpaka mwezi upite na mpya iwe imepita usiku kadhaa wa gemu ndefu bila kujizima.